Tumbusi wamekwenda wapi? Mzoga unafika siku ya tatu bila ndege

#1 Mchunga_Kiteto

Wakuu, habari za jioni. Nina swali linanisumbua na hapa kijijini sijapata wa kulijibu.

Nimekulia Kiteto, mifugo ndiyo kazi yetu tangu kwa babu. Zamani ng'ombe akifa, hujamaliza kumchuna tumbusi wameshatanda juu, na jua likifika utosini imebaki mifupa. Juzi nimepoteza mtamba, nikauburuta mzoga hadi korongoni mbali na boma. Siku ya tatu bado upo, umevimba, inzi wamejaa na mbwa wa kijiji wanagombana. Juu kulikuwa na kunguru na korongo mfukoshingo mmoja. Tumbusi hakuna hata wa dawa.

Wazee wanasema wamehama kwa sababu ya ukame. Vijana wanasema ni minara ya simu. Mimi nasema ni sumu. Huko kwenu bado mnawaona?

#2 Bint_Mpwapwa

Huku kwetu mtu akimwona tumbusi juu ya paa anaita shehe na mchungaji kwa pamoja, wewe unamtafuta! Ila kweli, nikikumbuka utoto wangu walikuwepo machinjioni kila Jumamosi. Sasa hivi sijui. Labda hawapati harufu kwa sababu ya moshi wa mashamba yanayochomwa?

#3 KaptenRuaha

Mkuu Mchunga, hisia yako ina msingi. Nimefanya kazi ya ulinzi wa wanyamapori kusini kwa miaka mingi na nimeiona hiyo sumu kwa macho yangu.

Iko ya aina mbili. Ya kwanza ni ya mfugaji: simba au fisi ameingia zizini, ameua ng'ombe, mwenye mali anapaka mabaki dawa ya wadudu ili mnyama akirudi usiku afe. Asubuhi tumbusi wanatangulia. Februari 2018, jirani na Ruaha, walikutwa simba 6 wamekufa, na tumbusi 74 pamoja nao. Mlengwa alikuwa simba, ila hesabu ya ndege ndiyo ilikuwa kubwa.

Ya pili ni ya jangili, na hii inaniuma zaidi kwa sababu huyo anamkusudia ndege mwenyewe. Tembo akiuawa, tumbusi wanazunguka juu yake, na sisi askari tulikuwa tunawatumia hao kujua pa kwenda. Jangili analijua hilo. Akishang'oa pembe anaumwagia mzoga sumu ili safari ijayo pasiwe na wa kumchongea. Botswana mwaka 2018 walikufa zaidi ya 500 kwa mizoga mitatu tu ya tembo.

#4 Mhesabu_Ndege

Kapten, tukio la Botswana ni Juni 2019, na waliohesabiwa ni tumbusi 537. Mengine yote uliyosema naunga mkono.

Bint_Mpwapwa, tumbusi wa Afrika hawategemei pua, wanategemea macho. Wanaonusa mzoga ni baadhi ya wale wa bara la Amerika, ukoo mwingine kabisa. Wetu hupanda juu sana, kila mmoja anatazama chini na anamtazama mwenzake pia. Mmoja akikunja mbawa na kushuka, jirani yake anamfuata, na wa tatu anamfuata huyo wa pili. Ndiyo maana mzoga mmoja unakusanya ndege zaidi ya 100 kutoka mbali sana. Ndiyo maana pia ng'ombe mmoja mwenye sumu anaweza kufagia ndege wa wilaya nzima kwa asubuhi moja.

Mchunga, sasa swali lako. "Siwaoni" ni mwanzo mzuri ila haitoshi. Tumbusi aliyefungwa kifaa cha satelaiti Tanzania kusini anaweza kuvuka hadi Msumbiji na kurudi. Kukosekana kwake Kiteto wiki hii hakuthibitishi kwamba amekufa. Hesabu zinazorudiwa njia ileile, kwa mtindo uleule, ndizo zinazosema kweli. Kenya wanazo: walilinganisha ndege wawindaji na wala mizoga waliohesabiwa kutoka barabarani miaka ya 1970 na waliohesabiwa kati ya 2003 na 2020. Aina 19 kati ya 22 zimepungua, na upungufu wa katikati ni asilimia 70.

Mwaka 2015 aina nne za huku kwetu ziliwekwa daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini: mgongo-mweupe, kichwa-cheupe, wa Rüppell na yule mdogo wa kofia. Ngusha, yule mkubwa kuliko wote mwenye ngozi nyekundu inayoning'inia kichwani, yuko daraja moja chini yake.

#5 Kamau_Naivasha

Niaje wadau. Naongezea ya upande wetu. Hapa Hell's Gate tuko na wale wa Rüppell kwa majabali. Huyo hajengi kwa mti, anataka jabali. Ukisimama chini asubuhi unaona chokaa nyeupe imeteremka kwa mwamba, hapo ndipo wanalala. Saa tatu jua likishapasha hewa joto wanaanza kujiachilia mmoja mmoja bila kupiga mbawa.

Huyu ndiye ndege aliyepaa juu kuliko wote tunaowajua. Mwaka 1973 mmoja aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan kwa mita kama 11,300. Ndege ilitua salama, injini moja ikiwa imezimwa.

Kuhusu sumu: Furadan, dawa ya wadudu, ilikuwa inauzwa duka lolote la pembejeo kwa bei ya soda. Kelele zikawa nyingi, mtengenezaji akaiondoa Kenya mwaka 2009. Lakini mwisho wa 2015 simba wa Marsh Pride kule Mara waliwekewa sumu, na haikuwa Furadan, ilikuwa ya jamii yake. Ukiondoa chupa moja dukani, mwenye hasira anachukua ya pili.

#6 MamaNaserian

Nawasalimu. Nimesoma kutoka juu hadi hapa na kila mtu anasema mfugaji, mfugaji, mfugaji. Naomba na mimi nisikilizwe.

Simba akiingia bomani usiku haui mmoja ale aondoke. Anaua watatu, wanne, wengine wanavunjika miguu wakikimbia. Hiyo ndiyo ada ya shule na ndiyo mahari ya mtoto. Unakwenda kwa mtendaji, fomu inajazwa, kifuta jasho kinakuja ukiwa umeshasahau, na hakifiki hata robo ya ng'ombe. Kijana wa miaka ishirini ambaye hajalala siku mbili, ukimwambia kuna ndege wataumia, atakusikia?

Siitetei sumu. Mbwa wetu wawili wamekufa kwa sumu hiyohiyo na watoto wanachunga palepale. Ninachosema ni hiki: boma letu sasa lina uzio wa waya uliofungwa kwenye miti iliyopandwa, miti inaota, waya haulegei. Tangu tuuweke simba anazunguka anaondoka. Sijamsikia mtu wa mtaa huu akiuliza dawa tena. Mkitaka tumbusi, anzieni kwenye zizi.

#7 Mchunga_Kiteto

Mama, shikamoo. Umesema jambo. Huo uzio mliuchangia wenyewe au mlisaidiwa?

#8 MamaNaserian

Marahaba mwanangu. Nusu kwa nusu, waya ulitoka kwa mradi, miti na kazi ni yetu. Na hiyo kazi ni ya wanawake zaidi, waandike na hilo.

#9 Daktari_Mifugo

Nimo kwenye mifugo kikazi. Jamani, tusikomee kwenye sumu ya makusudi. India walikuwa na tumbusi mamilioni, miaka ya 1990 wakaanza kuanguka kutoka mitini. Aina tatu zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Hakuna aliyewawekea sumu. Ilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo wengi wetu tumemeza tukiumwa mgongo. Ng'ombe kachomwa sindano, kafa, tumbusi kala, figo zake zinashindwa kazi, anakufa ndani ya siku chache. India, Pakistani na Nepali waliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Mbadala upo, meloksikami, unatibu na haumdhuru ndege. Kwa hiyo wafugaji, ukimtibu ng'ombe muulize daktari amechoma nini, na akifa baada ya sindano usimtupe porini.

Na kuna gharama ya binadamu ambayo haisemwi. Tumbusi walipoisha India, mizoga ikawa ya mbwa. Mbwa wakaongezeka, na kichaa cha mbwa kikaongezeka. Kuna wachumi waliokadiria kwamba kati ya 2000 na 2005 walikufa watu wapatao nusu milioni ambao wasingekufa kama tumbusi wangekuwepo. Mchunga kataja mbwa wa kijiji kwenye mzoga wake. Hilo ndilo lililonifanya niandike.

#10 Mhesabu_Ndege

Daktari, nyongeza ndogo: waligundua sababu kwa kupasua ndege wa Pakistani, majibu yakatoka 2004. Walioshuku ugonjwa wa virusi walikuwa wengi hadi hapo. Hili ni muhimu kwetu, maana bila mtu wa kuokota ndege aliyekufa na kumpeleka maabara mtabishana miaka kumi.

Ila kwa Afrika sioni kama diklofenaki ndiyo kubwa. Tathmini ya bara zima iliyokusanya vifo vilivyoripotiwa ilipata sumu asilimia 61, biashara ya viungo kwa ajili ya uganga asilimia 29, umeme asilimia 9. Ng'ombe wetu wengi hawatupwi, wanachinjwa na kuliwa kabla hawajafa vizuri.

#11 Daktari_Mifugo

Vifo *vilivyoripotiwa*, mkuu. Mzoga wa tembo wenye ndege mia pembeni utaripotiwa. Ndege mmojammoja anayekufa kwa figo juu ya mgunga nani atamwona? Sisemi ni kubwa, nasema haijatazamwa vya kutosha.

#12 Fundi_Umeme77

Hiyo asilimia 9 ni yetu sisi wa nguzo, na mimi nadhani iko chini ya ukweli. Fikirini: ngusha akikunjua mbawa anafikia karibu mita 2.9. Kwenye nguzo za msongo wa kati, nafasi kati ya waya na waya haifiki hapo, na kama mkono wa nguzo ni wa chuma inatosha ubawa mmoja uguse waya naye kakaa kwenye chuma. Anaanguka palepale, fisi anambeba usiku, asubuhi sisi tunaona fyuzi imekatika tu, tunarudisha, tunaondoka. Kwenye ripoti inaandikwa "ndege".

Sudan kulikuwa na laini karibu na Port Sudan, ilijengwa miaka ya 1950, ikaua tumbusi wa Misri kwa miongo mingi mpaka ilipozimwa 2014. Laini moja! Na dawa yake ni rahisi: kuvisha waya mpira mita chache kila upande wa nguzo, au kuning'iniza waya chini ya mkono badala ya juu. Ukifanya wakati wa kujenga gharama ni ndogo. Ukija kufanya baadaye unalipa mara kadhaa.

#13 Kamau_Naivasha

Fundi amenena. Kule Kajiado, Kipeto, kuna mitambo 60 ya upepo si mbali na majabali ya Kwenia ambako wa Rüppell wanazaa. Wameajiri vijana wa hapohapo, kazi yao ni kutazama anga mchana kutwa. Tumbusi akielekea mtambo, wanapiga redio, ule mtambo unasimamishwa. Pia mizoga ya mifugo inaondolewa karibu na mitambo ndio ndege wasivutiwe. Kazi yenyewe inataka macho na uvumilivu, na inalipa mshahara.

#14 Kaka_Kampala

Mimi niko Kampala, nitawapa picha nyingine. Hapa tumbusi wa kofia wanaishi na sisi mjini, machinjioni na kwenye majalala, pamoja na kaloli, ndiyo korongo mfukoshingo wenu. Lakini zamani ukuta wa machinjio ulikuwa umejaa wao, sasa unaona kaloli wengi na wao wachache. Hapa hakuna simba wa kuwekewa sumu. Nadhani chakula kimepungua: damu na matumbo vinasafishwa, kila kitu kinauzwa, hata mifupa. Mji ukiwa safi ndege wa mizoga ananyimwa kazi.

#15 Bint_Mpwapwa

Kwa hiyo Kampala mmewafukuza kwa usafi na Kiteto wamefukuzwa kwa sumu. Na Dodoma? Huku miti yote mikubwa imeshakuwa mkaa. Huyo mgongo-mweupe si anajenga juu ya mti?

#16 Mhesabu_Ndege

Ndiyo, anapenda migunga mirefu, mara nyingi kandokando ya mito ya msimu. Hapo umegusa penyewe. Jike anataga yai moja tu. Wanalilalia kwa zamu karibu miezi miwili, na kinda anakaa kiotani takribani miezi minne hadi aruke. Anaanza kuzaa akiwa na miaka mitano au zaidi. Kwa hiyo ukiua mia leo, jozi zilizobaki haziwezi kufidia kabla mtoto wako hajamaliza shule. Ukikata mti wenye kiota Juni au Julai umepoteza mwaka mzima wa jozi hiyo.

Kwa hoja ya Kaka_Kampala: chakula kingekuwa ndicho sababu, ndani ya Serengeti wasingepungua, maana nyumbu wanakufa kila kiangazi. Na Mara, ambako nyumbu wapo, bado wamepungua sana.

#17 Kaka_Kampala

Serengeti si Kampala, ndugu yangu. Sababu ya kule si lazima iwe ya hapa. Ndege wa mjini njoo umhesabu mjini.

#18 Mtani_wa_Songea

Mnazunguka mnaikimbia asilimia 29. Huku kusini nimewasikia watu wakitafuta kichwa cha tumbusi. Wanasema ubongo wake unaotesha ndoto za kweli, ukilala utaona namba, utaona mwizi wako. Kwa kuwa ndege huyu anafika kwenye mzoga bila kuitwa, wanaamini anaona yajayo. Kumbe anaona mwenzake akishuka, kama alivyoeleza mkuu #4! Na muuza kichwa hatumii bunduki, anatumia sumu, kisha mnunuzi anaunusa au anauchoma moshi ndani ya nyumba yake na sumu imo. Guinea-Bissau mwaka 2020 walikufa zaidi ya 2,000, wa kofia.

#19 Salim_Muscat

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Muscat, mama yangu ni mtu wa Unguja. Huku Oman mambo ni kinyume na mnavyosimulia: kisiwa cha Masirah kina tumbusi wa Misri wengi wanaozaa, wale weupe wenye uso wa manjano, na majira ya baridi jalala karibu na Muscat linajaa wao pamoja na tai wa nyika waliotoka Asia ya Kati. Watu huku hawawatilii sumu na hawawasumbui. Nikiwatazama najiuliza kwa nini sehemu moja yule yule ndege yuko salama na nyingine anaisha.

#20 KaptenRuaha

Wa alaykum salaam Salim. Jibu langu: huko hakuna simba anayekula ngamia wa mtu. Narudi kwa MamaNaserian.

Naweka hapa mambo ya kutazama, maana Mchunga anataka ushahidi. Ukikuta mzoga, tazama inzi kwanza. Inzi waliokufa wametapakaa juu ya nyama na chini yake, hapo pana sumu. Tazama ndege: aliyekufa kwa sumu kali mara nyingi yuko karibu kabisa na mzoga, makucha ameyakunja. Ukiona chembechembe za rangi ya ajabu kwenye majeraha ya mnyama, usiguse kwa mkono mtupu, na usimwache mbwa asogee. Piga simu kwa askari wa hifadhi au afisa wanyamapori wa wilaya. Piga picha ukiwa mbali. Baada ya sampuli kuchukuliwa, vyote vinachomwa, ndege na mzoga, hadi majivu, kwa sababu ndege aliyekufa naye ni chambo cha sumu kwa anayefuata.

Mzoga wako wa mtamba, inzi walikuwa hai?

#21 Mchunga_Kiteto

Hai kabisa, wengi mno. Na mbwa walikula hawakudhurika.

#22 Daktari_Mifugo

Basi mzoga huo ulikuwa salama, na tumbusi hawakuja kwa sababu hawapo. Ndege akikutwa bado anapumua, anatetemeka na kutoa mate, mpeleke haraka kwa daktari. Atropini ikiwahi inaokoa baadhi. Mkichelewa saa moja basi.

Na mzoga wako uuzike, uweke chokaa. Kama mtamba alikufa ghafla na damu ikatoka puani bila kuganda, usiuguse kabisa, mwite afisa mifugo. Kimeta hakina mchezo.

#23 Mtani_wa_Songea

Daktari, mnasema mizoga izikwe, halafu mnalalamika tumbusi hawana chakula. Tufuate lipi?

#24 Daktari_Mifugo

Aliyekufa kwa ugonjwa au baada ya sindano ya diklofenaki, zika. Aliyevunjika mguu, aliyekufa kwa ukame au kwa uzazi, na hakuchomwa kitu, waachie ndege mbali na maji na nyumba. Kazi ya kutofautisha ndiyo tunayolipwa sisi.

#25 MamaNaserian

Kapten, umesema piga simu. Nilishapiga mara moja. Gari lilikuja baada ya siku mbili, mafuta hakuna. Siku mbili hizo nani alinde mzoga? Nililinda mimi na wanangu kwa fimbo. Mkipanga mambo yenu ya kuhesabu ndege, pangeni na mafuta ya hilo gari.

#26 Mhesabu_Ndege

Mama, hoja yako naichukua jinsi ilivyo.

Kwa wanaotaka kuhesabu: chagueni barabara moja mnayopita kila mara. Mwendo wa pole, watu wawili, mmoja anaendesha mwingine anatazama. Andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, umbali, na kila tumbusi aliyeonekana, aina yake kama unaijua. Siku ambayo hukuona hata mmoja iandike pia, hiyo ndiyo wengi wanaiacha na ndiyo inayotufaa zaidi. Rudia msimu uleule mwaka unaofuata. Kenya wana ramani ya ndege ambayo mwananchi anatuma orodha kwa simu, kila kipande ni kama kilomita 9 kwa 9, na unatakiwa utafute angalau saa mbili. Tanzania nako kuna atlasi ya ndege inayokusanya taarifa tangu miaka ya 1980, rekodi za Kiteto zinapokelewa kwa mikono miwili. Jumamosi ya kwanza ya Septemba ni siku ya tumbusi duniani, ni tarehe nzuri ya kuanzia kwa sababu wengi wanahesabu siku hiyo.

#27 Fundi_Umeme77

Mimi na timu yangu tunapita laini ndefu kila mwezi. Nikiandika na ndege waliokufa chini ya nguzo, pamoja na namba ya nguzo, kuna mtu atazitumia au zitakaa kwenye daftari?

#28 Mhesabu_Ndege

Zitatumika. Namba ya nguzo ndiyo dhahabu yenyewe, nitumie ujumbe wa faragha.

#29 Bint_Mpwapwa

Nimeuliza bibi yangu usiku huu. Anasema tumbusi walipungua mwaka ambao watu wa pamba walianza kugawa dawa ya wadudu bure. Hiyo mmeiweka kwenye hesabu zenu?

#30 Mchunga_Kiteto

Muulize bibi ni mwaka gani hasa, dada, hata kwa kukadiria na njaa au na uchaguzi. Mimi nimeongea na dereva wa basi la Kibaya hadi Kongwa, amekubali nikae mbele Jumamosi. Kamau, tumbusi wa Rüppell na mgongo-mweupe nikiwaona kwa mbali juu angani nawatofautishaje?